Pikipiki ya Mwalimu wa Kwaya

Agustina alikuwa ameshapita miaka arobaini alipojifunza kuendesha pikipiki. Kabla ya hapo alikuwa abiria tu, tena abiria wa kufumba macho kwenye miteremko.

Alikuwa mwalimu wa kwaya. Nyumbani kwake Nyichoka alikuwa na mashamba ya mtama na mihogo, na mumewe Deus alikuwa na ng'ombe wake. Lakini watu wa Serengeti upande ule walimjua kwa kwaya. Alifundisha ya nyumbani, na Jumamosi mchana alikwenda Robanda, ambako kulikuwa na kikundi kipya chenye sauti nzuri na nidhamu mbaya. Kwenda hakukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kurudi. Jua likianza kushuka, waendesha bodaboda hawakutaka tena kupita ile barabara, kwa sababu tembo hutoka hifadhini kwenda kwenye mashamba ya watu. Mara kadhaa Agustina alilala Robanda kwa wenyeji wake. Akirudi kesho yake anamkuta Deus amekamua ng'ombe mwenyewe, uso umefungwa, hasemi kitu.

Siku moja Deus akasema. "Mama Lilian, chagua moja. Ama uache Robanda, ama utafute usafiri wako."

Agustina alifikiri ni hasira. Lakini wiki iliyofuata Deus alimuuza mtamba wake mmoja mnadani, akamkabidhi mkewe fedha bila kuzihesabu mbele yake.

"Ila ujue," alisema, "mimi pikipiki siiamini. Ng'ombe nimemjua tangu anazaliwa."

Fedha ile haikutosha pikipiki mpya. Agustina akasikia kwamba Tarime mjini, kata ya Nkende, kuna katekista mstaafu mwenye Honda ya zamani imekaa tu stoo. Akamwomba Machage, fundi wa Mugumu mwenye gereji karibu na stendi, waende wote wakaiangalie.

Mwenye pikipiki aliitwa Mzee Simioni. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na alitembea akigusa ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Wewe ndiye mwalimu wa kwaya? Karibu. Ipo huku."

Honda ilikuwa imefunikwa magunia. Juu ya kiti kuku alikuwa anaatamia, na Mzee Simioni alimwondoa taratibu pamoja na mayai yake, kama mtu anayemhamisha mtoto aliyelala. Tangi lilikuwa limepauka, mfuniko wake umekula kutu, tairi zimelala chini. Mzee akapitisha kiganja juu ya tangi.

"Nimeiacha kwa sababu ya macho yangu, siyo kwa sababu yake. Tangu nimekuwa nayo, haijawahi kunilaza njiani."

Machage alichuchumaa, akashika hiki, akavuta kile, akasukuma kiki polepole kwa mkono akisikiliza. Agustina alimtazama usoni zaidi kuliko alivyoitazama pikipiki.

"Haijafa," Machage alisema mwishowe. "Ina kazi, lakini haijafa."

Waliipakia kwenye Canter iliyokuwa inakwenda Mugumu kwa njia ya Nyamongo. Pale Matongo gari liliposimama kushusha mizigo, vijana wa machimboni waliizunguka wakicheka. "Mama, hiyo unaipeleka makumbusho?" Agustina akacheka nao. Ndani alikuwa anamwona yule mtamba, mweupe mwenye madoa, akivutwa kamba na mtu mwingine.

Machage aliifungua yote. Agustina alipofika gerejini siku chache baadaye alikuta vyuma vimelala ndani ya beseni la petroli, vingine juu ya gunia, na fremu imeegemea ukuta kama mifupa.

"Machage, utakumbuka kila kimoja kinapokaa?"

"Mwalimu, wewe ukiwa na sauti nne zinaimba kwa pamoja, si unajua nani kapotea?"

"Najua."

"Basi na mimi niache na zangu."

Honda ilipata tairi, cheni, breki na nyaya mpya. Injini ikaunguruma siku ya Ijumaa, moshi mweupe ukatoka, kisha ukakoma, ikabaki sauti nzito ya kupendeza. Agustina alipiga vigelegele peke yake pale stendi. Sasa ilibaki rangi. Alichagua nyekundu ya kung'aa.

"Na mfuniko wa tangi?" Machage aliuliza. "Huu una kutu, ila unafanya kazi. Naweza kuupiga msasa tu."

"Upake nao. Nataka ionekane mpya yote."

Alijifunzia uwanja wa mpira wa shule. Wiki ya kwanza klachi ilimrusha kama ndama aliyeona mvua. Wiki ya pili alivunja ua wa katani. Wanafunzi walikaa golini kumtazama, na mama zao wakaja kuwafuata wanafunzi, nao wakakaa. Alipata leseni, akanunua helmeti, na Jumamosi moja baada ya mvua za vuli alikwenda Robanda mwenyewe, mwendo mdogo, mikono imekakamaa hata kidole hakifunguki alipofika. Kwaya ilitoka nje kumpokea.

Wakati wa kurudi, pikipiki ikazima.

Haikukohoa sana. Ilipoteza nguvu, ikavuta, ikanyamaza. Agustina alipiga kiki mpaka jasho likamwingia machoni. Hakuna kitu. Akasimama katikati ya barabara akitazama vichaka huku na huku, akisali. Baada ya kitambo alijaribu tena, ikawaka kana kwamba hakukuwa na jambo.

Machage alibadilisha plagi. Jumamosi iliyofuata ikazima. Akasafisha kabureta. Ikazima. Akatafuta koili nyingine. Yeye akiijaribu mjini, kuzunguka stendi na kurudi, ilikwenda vizuri kabisa, akamtazama Agustina kwa namna ya kumwonea huruma, kama mgonjwa ambaye vipimo havioni ugonjwa wake.

"Labda unaogopa, mwalimu, unaachia mafuta bila kujua."

Ni kweli Agustina aliogopa. Alianza kuogopa tangu Alhamisi. Ijumaa alijaza tangi mpaka juu, kwa sababu lau ingezima, angalau isiwe kwa kuishiwa petroli. Na ajabu, alipojaza ndipo ilipozima mapema zaidi. Alihisi inamchezea kwa makusudi. Nyumbani hakusema kitu. Deus alipomuuliza chombo kinakwendaje, alisema kinakwenda, akageuka kupuliza moto ambao ulikuwa unawaka tayari.

Ndipo wazo baya likamjia: yule mzee alijua. Akampigia simu.

"Baba, nisamehe nikuulize. Hii pikipiki ilikuwa na tabia ya kuzima njiani?"

"Binti yangu," Mzee Simioni alisema, "nimefundisha watoto komunyo ya kwanza tangu wewe hujaolewa. Nikudanganye kwa pikipiki?"

Agustina alibaki ameshika simu baada ya mzee kukata. Aliona aibu, lakini aibu haikuondoa shaka. Sasa alikuwa na vyote viwili.

Jumamosi iliyofuata alitaka kughairi. Lakini Robanda walikuwa wanajiandaa kuimba kwenye misa ya kipaimara, na askofu angekuwepo. Alitoka mchana jua likiwa kali. Alipita shule, akapita mashamba ya mwisho, akaingia kwenye vichaka vya migunga. Kuna korongo pale, barabara inashuka na kupanda. Chini ya korongo, pikipiki ikavuta, ikanyamaza.

Alishuka. Kwanza alisikia tawi likivunjika. Kisha akaona kitu cha kijivu, akadhani ni mwamba, mpaka mwamba ukapiga sikio.

Walikuwa tembo wengi, karibu kiasi cha kuona kope zao. Katikati yao kulikuwa na mtoto. Agustina amezaliwa upande ule na alijua vizuri maana ya tembo mwenye mtoto. Mwili ulipoa wote, juani. Alitaka kukimbia, akakumbuka alivyofundishwa na baba yake kwamba usikimbie kama hajakuona. Alitaka kuisukuma pikipiki, lakini cheni ingelia. Kuiacha pale? Alimfikiria Deus akirudi kutoka mnadani siku ile, kamba tupu mkononi.

Hakujua la kufanya, na mikono yake ikafanya jambo yenyewe. Ilifungua mfuniko wa tangi, kuona kama petroli ipo. Mfuniko ulikuwa umeng'ang'ania. Ulipoachia, tangi lilivuta hewa, fyuuu, kwa nguvu, kama mwimbaji anayevuta pumzi kabla ya kuanza wimbo.

Tembo jike mkubwa akageuza kichwa.

Agustina alisimama na mfuniko mkononi. Hakupepesa. Yule tembo alinyanyua mkonga, akanusa hewa, masikio yakafunguka mapana. Petroli ilinukia. Upepo ulitoka upande wao, akaushukuru upepo ule kwa moyo wake wote. Muda ulipita ambao hakuweza baadaye kusema ulikuwa mrefu kiasi gani. Kisha jike akashusha masikio, akaingia barabarani, akavuka, na wengine wakamfuata, mtoto akikimbia katikati ya miguu yao. Wa mwisho, dume kijana, alisimama barabarani akimkodolea. Akatikisa kichwa, vumbi likaruka. Naye akaenda.

Agustina alipanda, akapiga kiki moja. Ikawaka.

Hakungoja kufunga mfuniko. Aliutia kifuani, ndani ya blauzi, akaondoka na tangi wazi, petroli ikimrukia mapajani kila penye shimo. Hakupunguza mwendo mpaka akaona bati za Robanda.

Wanakwaya walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi. Mokami, mama mmoja kiongozi wa sauti ya kwanza, alitoka mbio.

"Mwalimu! Mbona umelowa? Unanuka petroli!"

Walimkalisha, wakamletea maji, Mokami akamvua helmeti kama mtoto. Alipoweza kusema alisema neno moja, "Tembo," na wote wakanyamaza, kwa sababu hakuna nyumba pale isiyojua.

Waliimba bila yeye siku ile. Walikosea ubeti wa pili kama kawaida yao. Alikuwa anawasikiliza kwa mbali, akili imebaki barabarani, inapita njia ile tena tangu korongoni. Katikati ya wimbo akashtuka. Haikuzima. Kutoka korongoni mpaka pale ni mbali kuliko mwendo iliouzoea kabla ya kuzima, na haikuzima.

Akautoa mfuniko kifuani, akaugeuza. Ndani kulikuwa na kitundu kidogo cha kupitisha hewa, na kitundu kile kilikuwa kimezibwa na rangi. Nyekundu, ya kung'aa.

"Mokami," aliita, na kwaya ikakatika. "Nipe pini yako."

Alikizibua palepale, benchini, wanakwaya wamemzunguka. Tangi lilikuwa linakosa hewa tu, hivyo mafuta yalikuwa yakigoma kushuka. Alianza kucheka, na kucheka kule kukageuka kilio, Mokami akamshika kichwa akikiegemeza tumboni kwake.

Machage alipoletewa habari aliushika mfuniko, akautazama juani kwa muda mrefu. "Nilipaswa kukiona," alisema. "Nilikuwa natafuta ugonjwa kwenye injini." Hakumkumbusha ni nani aliyetaka mfuniko upakwe, na Agustina alimheshimu kwa hilo. Siku hiyohiyo Agustina alimpigia simu Mzee Simioni, akaomba msamaha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kiti bado ni kile cha kuku.

Deus hakuambiwa. Alisikia kwa watu, kisimani, akiwa na ng'ombe. Alirudi nyumbani akakaa mlangoni bila kuvua makubazi.

"Ulikuwa unazimikiwa wiki zote hizo?"

"Ndiyo."

"Na mimi nakuuliza, unasema inakwenda."

Deus hakugomba. Jumamosi ilipofika, alivaa koti, akatoka nje, akasimama kando ya pikipiki kama mtu anayesimama kando ya maji asiyoyajua kina.

"Leo nakwenda na wewe."

"Sijawahi kubeba mtu."

"Basi utanibeba."

Alikuwa mzito, na aliegemea upande usiotakiwa kila kona. Agustina aliendesha mwendo wa kutembea. Injini ilinguruma vizuri, lakini kila sauti ilipobadilika kidogo moyo wake ulisimama. Korongoni vidole vya Deus vilimwingia mabegani. Hakukuwa na kitu, mavi makavu tu na miti iliyovunjwa. Walipanda upande wa pili.

"Mama Lilian," Deus alisema nyuma ya helmeti ya mkewe, baada ya mwendo mrefu, "wewe kila wiki unapita hapa peke yako?"

"Kila wiki."

Robanda, Deus alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani mazoezi yote, kofia juu ya goti, akitazama mlango ulio wazi na barabara iliyo nje yake, na jua lilipoanza kuinama ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Waambie inatosha," alisema. "Twende kungali na mwanga."