Taa ya Getini

Kwa miaka ishirini na mmoja Bi Nyota, kama majirani walivyomtania, alijulikana kwa namba moja tu: kiasi cha oksijeni kwenye galaksi kibete iliyo jirani na yetu, inayozaa nyota moja moja kwa taabu. Namba ilikuwa ndogo ajabu. Profesa wake aliitetea kufa na kupona, akagombana na rafiki yake wa tangu ujana, na wakafa hawasemezani.

Jumatatu asubuhi, ofisini, aliupima upya mwanga wa galaksi ile, uliorekodiwa miaka ile. Mwanga ukichambuliwa huwa na mistari, na mistari ndiyo husema gesi ina nini. Mstari mmoja hafifu, ambao ukizidi nguvu hesabu hutoa oksijeni kidogo, ukamtia mashaka. Akachunguza, akarudia. Nusu ya mstari ule haikutoka mbinguni. Ilikuwa taa ya mlinzi, pale getini kwenye kituo cha darubini, ambayo yeye, wakati ule mwanafunzi mwenye haraka zake, hakuitoa kwenye hesabu. Shahada tatu, kashindwa na taa ya getini! Oksijeni ilikuwa ya kawaida tu.

Simu ikalia. Alikuwa mjane wa profesa.

"Mwanangu, fundi wa kaburi anasubiri. Ile namba ya mzee ni ngapi? Nataka ichongwe chini ya jina."

Aliitazama namba mpya kwenye kompyuta.

"Ninayo hapa, mama."

"Basi nitajie polepole. Mzee alisema wewe hukosei."

Akaitaja, tarakimu moja moja, ile ile ya zamani.