Sauti Iliyomwongoza Minza

Verdiana, mwanamke wa kabila la Wapimbwe aliyezaliwa kwa wakulima wa mpunga, alifundisha darasa la tatu katika kijiji cha Sitalike, na fimbo aliitumia kwa nadra. Aliona mtoto hafundishwi uaminifu kwa kuhubiriwa. Hufundishwa kwa kupewa mwenzake anayemtegemea. Kwa hiyo aliwachezesha wanafunzi mchezo wa kipofu: mmoja hufungwa kitambaa machoni, mwenzake humwongoza kwenye uwanja wa shule, uliopakana na mto, kwa sauti tu, bila kumgusa.

Mwaka ule darasani alihamia mwanafunzi mpya, Minza, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma. Dada yake, Nyanzala, alikuwa amechukuliwa na mamba akiteka maji mtoni hapo. Watoto walimkwepa Minza, wakisema ana mkosi, na aliyemkwepa zaidi ni Rozalia. Mwalimu akawapanga pamoja makusudi.

Asubuhi hiyo upepo ulikuwa umekufa kabisa. Minza alifungwa kitambaa, akaanza kutembea. Alizunguka kichuguu, akaruka mtaro, akainama chini ya tawi asiloliona. Verdiana alifurahi, akidhani hatimaye watoto wameelewana. Kisha akamwona Rozalia amesimama kule kule walikoanzia, amenuna.

"Rozalia, mbona humwongozi mwenzako?"

"Sijasema kitu, madamu. Anaenda mwenyewe."

Minza alikuwa ameshafika kwenye matete ya mtoni. Alikuwa anacheka, anaitikia kwa Kisukuma, kama mtu anayesimuliwa jambo. Kabla Verdiana hajamwita, mtu alishampita mbio. Aliyekimbia ni Rozalia. Alimkumbatia Minza kiunoni, wakaanguka wote kwenye tope. Mbele yao maji yalitikisika, halafu yakatulia taratibu.

Walipomfungua kitambaa, Minza hakuonyesha woga. Alimtazama Rozalia kwa mshangao, akasema, "Mbona umenishika? Si wewe ndiye uliyekuwa unaniambia nisogee?"

Rozalia alitikisa kichwa.

"Ilikuwa sauti yako," Minza akasema. "Nilishangaa tu kwamba unajua Kisukuma."

Rozalia hakujua hata salamu ya Kisukuma.

Verdiana hakuwaeleza walimu wenzake yote, ila mchezo aliuhamishia upande wa barabarani, na sheria akaibadilisha: anayeongoza lazima ashike mkono. Rozalia alianza kumpitia Minza nyumbani kila asubuhi, bila kutumwa. Njiani humshikilia, na yeye ndiye hukaa upande wa mto. Verdiana alipomuuliza kama haogopi, alijibu kwamba anaogopa sana, hasa wanapopita darajani, kwa sababu siku hizi huko chini husikia mtu akimwita yeye kwa sauti ya Minza.