Kwarara Mweusi wa Jaruba Letu

Harufu ya dawa ya pamba haijanitoka hadi leo. Nikiisikia, hata kwenye nguo za mtu anayepita, narudi kijijini kwetu Nkoma nikiwa na miaka kumi. Jaruba letu la mpunga lilikuwa chini ya shamba la pamba, na kila asubuhi ndege aina ya kwarara walishuka kutafuta vyura. Weupe, wale wenye kichwa na shingo nyeusi, walikuwa wengi mno hata hatukujisumbua kuwatazama. Walifuata ng'ombe wetu kama waliozaliwa zizini. Msimu ule akaja mmoja mweusi, mwembamba, mdomo uleule uliopinda, ila akigeuka juani mabawa yaling'aa kijani na zambarau. Bibi, mzaliwa wa hapohapo, alikuwa amewahi kumwona wa aina hiyo mara moja tu. Nilimpenda kwa wivu, na ole wake mtoto aliyemrushia jiwe.

Siku moja baba alimaliza kupuliza dawa, akanipa bomba nikalioshe kwenye shimo nyuma ya nyumba, kama ilivyokuwa kawaida. Jua lilikuwa kali, bomba zito, na maji ya jaruba yalikuwa pale miguuni pangu. Nikalisuuza humo. Maji yalipogeuka meupe nilijua nimekosea, nikarudisha bomba nyumbani kana kwamba nimetoka shimoni. Kesho yake vyura walielea, kwarara weupe wawili walikuwa wamelala tutani, wamekufa. Mweusi hakuonekana.

"Dawa imechuruzika kutoka juu," baba alisema. "Kosa langu hili."

Nilianza kulia. Bibi akanishika bega. "Ng'wanone, mwanangu, usilie. Hao weupe watarudi. Huyo mwingine ndiyo sijui."

Weupe walirudi kabla ya mavuno. Mimi niliendelea kusimama tutani kila asubuhi, nikitafuta mmoja.

Sasa naishi Bariadi mjini, na kwarara weupe wamejaa jalalani nyuma ya soko, wananona kwa taka zetu. Nikipita huwakagua wote, nikiogopa nitakachokiona na nisichokiona. Mweusi sijamwona tena; huenda alihama tu. Lakini baba alichimba mfereji siku tatu juani ili dawa isishuke tena jarubani, na amekufa akiamini kosa lilikuwa lake. Mfereji ule bado upo. Nikienda nyumbani, nauzunguka, siwezi kuuruka.