Kaa Chini, Mama

Upepo ukitoka upande wa mashamba, mji wa Jinja hunuka miwa inayochemshwa, utamu mzito unaokaa kooni kama dawa ya kikohozi. Ukigeuka na kuvuma kutoka ziwani, huleta harufu ya matope, majani mabichi na sato wanaokaangwa. Nilipokuwa na miaka kumi, likizo nzima niliishi kati ya harufu hizo mbili, kwa maana baba yangu alikuwa amepata kazi ya kutembeza wageni pale ziwa linapokwisha na Mto Nile unapoanza. Kama hujafika, nikueleze: usitarajie maajabu yenye kelele. Maporomoko waliyoyasifu wazee yalizama zamani chini ya maji ya bwawa la umeme. Utakachokiona ni maji mapana ya kijani yanayoanza kwenda taratibu, kama mtu aliyekumbuka safari. Kisiwa kidogo kilichopakwa weupe na vinyesi vya minandi, wale ndege weusi wavuvi. Na mitumbwi yenye injini itakayokupeleka hadi penye mapovu ya chemchemi inayotoka chini ya mto. Ukirudi mjini, tembea kwa miguu kwenye barabara zenye kivuli, utazame maduka ya zamani yenye baraza na nguzo. Baba aliyajua yote hayo, na aliyapenda jinsi mtu anavyopenda mahali ambapo hakuzaliwa.

Alikuwa askari magereza mstaafu kutoka Lira, kaskazini. Mama ni Mluhya wa ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mama hakujua Kilango cha kwao baba, baba hakujua Kiluhya, basi nyumba yetu ya mtaani Mpumudde ilisimama juu ya Kiswahili: cha mama kilichonyooka kiasi, na cha baba alichojifunza kambini, kisicho na ngeli wala subira. Kiswahili hicho ndicho kilichompa kazi, kwa sababu mabasi ya wanafunzi wa Kenya yalikuja mara kwa mara na waelekezaji wengine waliikwepa lugha hiyo. Baba aliwapanga watoto wawili wawili kama mahabusu. "Watoto ya Kenya, sikia! Hii maji inatoka hapa, inatembea mpaka Misri. Miezi tatu! Na haina kiatu!" Nao waliitikia, "Ndiyo, afande!" huku wakiangua kicheko. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na baba kwa kweli alipona. Mtu ambaye tangu astaafu alikuwa akishinda nyumbani akitazama ukuta, sasa aliamka mapema kupiga pasi shati lake mwenyewe.

Hapa inanibidi nieleze jambo, hasa kwa msomaji wa Tanga au Mombasa, ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya bibi na ya hadithi. Kwetu Uganda, watu wengi wa rika la wazazi wangu waliisikia lugha hii kwanza mdomoni mwa mwenye bunduki. Maneno "kaa chini" kwako ni ukarimu. Kwao yalikuwa maneno ya kizuizi cha barabarani: unashuka garini, unavua viatu, unakaa juu ya vumbi, unasubiri kujua kama utarudi nyumbani. Baba hakuwahi kusimama na bunduki kwenye kizuizi chochote, aliajiriwa baada ya miaka ile ya utawala wa kijeshi. Lakini sauti yake ilikuwa imefunzwa na waliosimama.

Siku moja likaja kundi la akina mama wa kanisa kutoka Bugembe, wamevaa gomesi zao za sherehe. Mwelekezaji wao alikuwa ameugua, baba akapewa, nami kama kawaida nikamfuata nyuma. Mama mmoja mzee alikuwa akihema kwenye kiteremko cha kwenda majini, na baba akamwonyesha benchi kivulini. "Mama, kaa chini." Hakusikia. Baba akapaza sauti, akifagia hewa kwa mkono kuwakaribisha na wenzake: "Kaa chini! Wote, kaa chini!"

Yule mzee alivua viatu. Akavipanga kando, akakaa palepale kwenye matope na gomesi yake ya hariri, mikono juu ya kichwa. Hakulia. Alitazama mbele tu, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Afande," mwenzake mmoja akasema, sauti imemtoka kali, "na sisi tuvue? Leo unatupeleka wapi?"

Baba alibaki amenyoosha mkono kuelekea benchi. Msimamizi wa mahali pale, Msoga mpole, mwenyeji wa Jinja asiyejua Kiswahili, alikuja mbio, na kwa kuwa mimi nilijua Kisoga cha shuleni, akaniuliza mbele ya wote: baba yako amewaambia nini? Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Ningeweza kusema: alikuwa anawapa benchi. Lakini nyuso zote zile zilinigeukia, nami sikutaka kuwa mtoto wa afande. Nikajibu kwa Kisoga, "Hata nyumbani ndivyo anavyosema." Lilikuwa neno la kweli. Ndivyo alivyokaribisha kila mgeni wetu. Nilijua pia watakavyolisikia.

Hakufukuzwa. Alihamishiwa kulinda magari, naye baada ya siku chache akaacha kwenda. Hakuniuliza nilisema nini. Sijui hata leo kama alielewa. Kilichobadilika ni sauti. Kwa kuwa hakuwa na lugha nyingine ya kuzungumza na mkewe, alikishusha Kiswahili chake hadi kikawa mnong'ono. Hata chumvi aliiomba kwa kunong'ona. Mama alisema, "Baba, sema basi tusikie," naye akanyamaza kabisa. Tulimzika akiwa hivyo.

Sasa Kiswahili ni somo shuleni, kinasifiwa kwenye mikutano, na mimi ninakifundisha hapa Mbale, nikiwa nimepanga chumba mtaa wa Namakwekwe. Muhula uliopita niliwapeleka wanafunzi wangu Jinja. Minandi wapo, maji yanakwenda vilevile. Kijana aliyetupokea alisema, "Karibuni sana, tafadhali ketini," kwa sauti laini iliyofunzwa darasani, na watalii wa Uganda waliokuwa karibu wakampigia makofi. Nikazungumza naye kidogo. Akashangaa. "Mwalimu, Kiswahili chako kimeiva. Nani alikufundisha?"

Wanafunzi wangu walikuwa wamenizunguka, wakisubiri jibu. Nikamwambia nilijifunza chuoni.