Kifaransa cha Kavugho, Mkwe wa Mwalimu Siméon

Watu wa Butembo husema Kavugho alisoma Kifaransa ili apate kazi. Waache waseme. Mimi niliyekaa naye dawati moja miaka minne, nikala viazi vyake na kunakili mazoezi yake, najua alisoma ili aweze kuzungumza na mzee mmoja. Na mpaka leo nikikumbuka kilichowazuia wale wawili, hasira hunipanda, halafu nacheka.

Wazazi wake ni wa kwetu, lakini walivuka mpaka pale Kasindi yeye akiwa bado mgongoni, wakaenda kulima Bwera, upande wa Uganda. Huko alisoma kwa Kiingereza mpaka akamaliza sekondari. Mwaka 1998, miezi michache kabla ya vita vya pili, aliolewa na Jéthro, kijana aliyenunua mchele na mawese Mangina na kuviuza Beni. Jéthro alimleta Butembo kwa wazazi wake, akakaa naye wiki tatu, kisha akarudi kwenye biashara yake. Vita vikafunga barabara, vikaifungua, vikaifunga tena. Jéthro alifika nyumbani mara mbili kwa mwaka, na Kavugho akabaki na wakwe zake.

Baba mkwe wake, Mwalimu Siméon, alikuwa ameongoza shule ya sekondari kwa miaka mingi, na hata baada ya kustaafu mji mzima ulimwita Bwana Préfet. Alipiga pasi suruali yake ya kwenda shambani. Kifaransa kwake kilikuwa kama ugali kwa wengine. Mbuzi akiingia kwenye maharagwe yake alifukuzwa kwa Kifaransa, na mbuzi wa mtaa ule walielewa. Mkewe, Mama Katungu, alijua maneno mawili tu ya lugha hiyo, bonjour na merci, na alisema hakuwahi kupungukiwa.

Sasa, katika ukoo wao mkwe mgeni hasemi na baba mkwe. Akiwa na neno, humpa mama mkwe, naye hulifikisha. Kavugho alilelewa Bwera, lakini wazazi wake walimlea kwa desturi za kwao, na aliishika hiyo kwa mikono miwili. Bwana Préfet, ambaye alipenda mazungumzo kuliko chakula, kila jioni alizima redio baada ya habari na kuuliza kwa Kifaransa, “Et notre fille de Bwera, qu'en dit-elle?” Binti yetu wa Bwera anasemaje? Binti wa Bwera aliinamisha kichwa. Siku moja akamsikia mzee akimwambia mkewe, “Huyu mutoto hapana jua luga ya kusoma. Jéthro ametuletea bubu.”

Wiki iliyofuata Kavugho alikuja kujiandikisha kwenye chuo chetu cha ualimu, mwaka wa maandalizi, idara ya Kifaransa. Hakujua hata kuitika jina kwa Kifaransa. Wiki nzima aliandikwa kwamba hayupo, naye ameketi mbele kabisa.

Aliyetufundisha ni Profesa Mukendi, mtu wa Kasai. Serikali ilikuwa imemtuma Butembo kabla ya vita, kisha mstari wa mapigano ukapita kati yake na nyumba yake. Mke na watoto wake walikuwa upande wa pili. Habari zao alizipata kwa karatasi za Msalaba Mwekundu, moja kwa miezi minane au tisa. Alifundisha masomo matatu. Walimu wa kutoka Kisangani waliposhindwa kufika, akafundisha manane. Nilimwona mara moja akifuta ubao ambao tayari ulikuwa safi, kwa sababu hakutaka kurudi chumbani kwake peke yake.

Kavugho alijifunza kama mtu anayepalilia shamba la mwenziwe, bila kuinua kichwa. Alibandika vikaratasi kwenye sufuria, kwenye jembe, kwenye mlango wa choo. Mama Katungu alimwomba tu asibandike kwenye nyama. Mwaka wa kwanza alisema Kifaransa cha kitoto na tulimcheka, mimi nikiwa wa kwanza. Mwaka wa pili alisoma vitabu vizima. Mwaka wa tatu alikuwa anatupita wote, nami nilikuwa wa pili, na sitaki kulizungumzia zaidi.

Kilichomshika kuliko vyote kilikuwa somo la utamaduni. Mukendi alitueleza kwamba Wafaransa wana mamia ya aina za jibini; sisi tuliijua moja, ya Masisi, na vita vilikuwa vimeizuia hata hiyo. Alitueleza pia kwamba mezani kwao watu hubishana mpaka chakula kinapoa, kisha hubusiana na kuagana, wala hakuna aliyetukanwa. Kavugho akainua mkono. “Hata na baba mkwe, Profesa?”

“Na yeye zaidi,” Mukendi akajibu, na darasa likacheka.

Kavugho hakucheka. Aliandika. Kazi yake ya kumaliza masomo ikatoka hapo: namna watu wanavyopingana kwa heshima, kwa Wafaransa na kwetu Wanande. Kurasa sitini na mbili.

Lakini nyumbani kimya kilikuwa kile kile. Majina ya waliofaulu yalisomwa hadharani kila mwaka, na Bwana Préfet alikuwepo, amevaa tai. Alisikia alama za mkwe wake za Kifaransa. Akarudi nyumbani, akauliza swali lake la jioni, akaona kichwa kimeinama kama zamani. Sasa hakusema tena kwamba hajui. Alisema, “Anajua, lakini anatuzarau.” Baadaye akaacha kuuliza. Mama Katungu aliniambia kwamba tangu hapo mumewe alikuwa akiongea na redio.

Mwishoni mwa mwaka 2002 mapigano yalisogea kuelekea Mangina. Jéthro alikimbia na watu wengine, akaacha mchele ghalani, akafika Beni na kupata nafasi mtaa wa Bungulu, katika nyumba iliyokuwa na familia tatu. Akaandika kwamba masista wenye shule pale Beni wanatafuta mwalimu wa Kifaransa, wanawapa nyumba ndogo walimu wao, na kwamba kazi inaanza Februari. Walitaka karatasi ya chuo, si maneno. Kavugho alikuwa na mume aliyemwona mara mbili kwa mwaka. Sasa angeweza kuishi naye. Akifaulu kutetea kazi yake ya chuo Januari, anakwenda. Akiahirishwa, kikao kingine kingekuwa lini? Katika miaka ile hakuna aliyejua hata Jumapili itakuwaje, na masista wangechukua mtu mwingine.

Watahini wa kazi hiyo walipaswa kuwa watatu. Profesa wa Kisangani hakufika. Mukendi akatafuta mji mzima mtu mwenye shahada ya Kifaransa, na aliyepatikana alikuwa mmoja: Bwana Préfet Siméon.

Kavugho alipopata habari aliketi kwenye ngazi za chuo.

“Nenda umuambie Mukendi abadilishe,” nikamwambia.

“Nimeenda. Hapana mutu mwingine.”

“Basi utamujibu.”

“Solange, siwezi. Kinywa itakataa.”

Nikamkaripia. Nilimwambia amesoma miaka minne, anabeba kurasa sitini na mbili juu ya kupingana, na mtu wa kupingana naye akipatikana anamwogopa. Nilidhani ni woga, Mungu anisamehe.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Mama Katungu aliketi safu ya pili na shangazi za Jéthro. Kavugho alisimama akaeleza kazi yake dakika ishirini, kwa Kifaransa ambacho kiliniumiza kwa wivu. Mukendi akauliza, akajibiwa. Bi Mélanie, msaidizi wake, akauliza. Akajibiwa mpaka akatabasamu. Ikafika zamu ya Bwana Préfet. Alivaa miwani, akafungua ukurasa wa thelathini na moja.

“Madame,” akasema kwa Kifaransa, “hapa unaandika kwamba wazee wa Kinande hawapendi kupingwa. Mimi ni mzee wa Kinande. Nani alikuambia hivyo?”

Kavugho akatazama sakafu.

Tulisubiri. Mvua ilikuwa ikigonga mabati. Mukendi aliangalia saa yake, kwa sababu kanuni ilikuwa wazi: asiyemjibu mtahini anaahirishwa. Dakika moja ikapita, na nyingine. Nilitaka kupiga kelele nimjibie mimi. Kisha Bwana Préfet akavua miwani, akasahau Kifaransa chake chote.

“Munaona?” akawaambia watu. “Miaka ine niko nangojea huyu mutoto aniambie hata bonjour. Hapana! Na leo ananinyamazia mbele ya batu bote.” Mpaka hapo nilikuwa sijajua kwamba mzee yule naye alikuwa ameumia.

Mama Katungu akasimama, akafunga kitenge chake vizuri.

“Papa Jéthro,” akamwambia mumewe, “kuku yake iko wapi?”

“Kuku gani?”

“Kuku ya kumufungua kinywa! Nilikuambia juma ya kwanza, mutoto amefika, umupe kuku yake. Ulicheka. Ulisema ile ni mambo ya bankambo, ya wazee wa zamani, weye uko mutu wa masomo. Sasa unataka akusemeshe namna gani, na kinywa ulikiacha yenye kufungwa?”

Shangazi wote wakaguna pamoja. Wao walielewa, na mimi, mtoto wa mjini, nikaelewa polepole na aibu ikanishika. Katika ukoo ule baba mkwe humpa mkwe wake kuku, kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo wanasema pamoja na kula pamoja. Asipompa, maana yake hajamkubali. Na mkwe haombi kuku huyo. Akimwomba, ni kama kujibandika kwenye nyumba ya watu.

Bwana Préfet alidhani kwamba akiidharau desturi, desturi imekwisha. Hakumwambia Kavugho. Akangoja binti azungumze. Na binti akangoja kuku, kila mwezi, kila mwaka, akipanda kutoka “bonjour” mpaka kurasa sitini na mbili, akijiambia labda nikijua Kifaransa chake vizuri zaidi atanikubali. Wasomi wawili! Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto wa darasa la pili, lakini katika nyumba ile mmoja alikuwa na kiburi cha kutouliza na mwingine alikatazwa. Mama Katungu naye alikuwa amechekwa mara moja, akaapa hatarudia.

“Ndiyo sababu?” mzee akamuuliza mkewe kwa sauti ndogo. “Ile tu?”

Machozi ya Kavugho yalikuwa yakidondoka kwenye kazi yake. Mukendi, mtu wa mbali, aliwatazama mmoja mmoja, akafunga kalamu yake.

“Bwana Préfet,” akasema, “kupata kuku inakamata dakika ngapi?”

“Soko iko hapa nyuma.”

“Séance suspendue. Kikao kinasimama dakika kumi na tano.”

Mzee alitoka kwenye mvua bila mwavuli. Alirudi tai imehamia begani, viatu vimejaa matope, amemshika miguu kuku jike mwenye madoa ambaye alikuwa akilalamika kwa nguvu. Alipita mbele ya meza ya watahini, akasimama mbele ya Kavugho, akampa kwa mikono miwili. Akamwambia kwa Kinande, “Mwanangu, ufunguke kinywa.”

“Wasingya, Tata,” Kavugho akasema. Asante, baba. Lilikuwa neno la kwanza alilowahi kumwambia mzee.

Mzee akarudi kwenye kiti chake, akafuta miwani, akauliza swali lile lile kwa Kifaransa, neno kwa neno. Nani alikuambia kwamba wazee hawapendi kupingwa?

Kavugho akamweka kuku kwapani, akainua macho. “Ni wewe, Papa,” akajibu kwa Kifaransa. “Kila jioni ulituuliza maoni yetu, na kabla mtu hajajibu ulikuwa umeshawasha redio.”

Bwana Préfet akacheka, na kwa kucheka huko akaanza kupinga. Alimpinga kwa mfano wa babu yake. Kavugho akampinga kwa ukurasa wa arobaini. Walibishana dakika hamsini. Mukendi aligonga meza mara tatu kabla hawajamsikia. Kavugho alifaulu kwa heshima kubwa, shangazi wakammwagia poda ya pongezi kichwani mpaka akawa mweupe, na kuku naye akapata sehemu yake.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Gari la Beni lilikuwa linaondoka Alhamisi.

Siku zile tatu walizungumza. Walizungumza wakinywa chai, wakichambua maharagwe, wakiwa mmoja ndani na mwingine uani. Mama Katungu alinilalamikia kwamba sasa hakuna anayemtuma neno kwa mtu. Nilipokwenda kumsaidia Kavugho kufunga mizigo, niliwakuta mlangoni wakigombania kama mtu anaweza kumpenda anayempinga, na chakula cha mchana kimepoa mezani.

Alhamisi mzee alimbebea begi mwenyewe mpaka barabara ya Beni. Walibishana njia nzima. Kavugho alipanda Fuso juu ya magunia, akainama kumjibu. Dereva akapiga honi. Mzee alishika ubao wa gari akatembea nalo, akiuliza, akisikiliza, akiuliza tena, mpaka gari likamzidi mbio. Sauti ya Kavugho ilikuwa bado inasikika, lakini maneno hayakusikika tena.

Nikamwendea. Alikuwa amesimama kwenye vumbi na mkono wake bado umenyooka.

“Twende nyumbani, Bwana Préfet.”

“Alikuwa ananijibu,” akasema. “Miaka ine alikala mu nyumba yangu, Solange. Nimemusikia siku tatu.”