Kabichi Zisizo na Matundu

Mbuzi wa yeyo walikuwa wakijua siku ya kuvuna kabla yangu. Nikiamka na kisu kwenda kukata kabichi nawakuta nje ya ua wa miiba, shingo juu, wanalia kama watu waliocheleweshewa chakula harusini. Hayo yalikuwa makubaliano yetu tangu tulipokodi shamba lile nje ya Kitengela, miaka ya tisini ikielekea kuisha. Yeyo, mjane wa Kimaasai mwenye ardhi, alitupa kwa bei ya huruma pamoja na maji ya kisima chake, na sisi tukishavuna, mbuzi na kondoo wake wanaingia kula majani na vishina vilivyobaki. Yeyo ni mama kwa Kimaasai. Nilimwita hivyo, naye akaniita enkerai ai, mtoto wangu, mimi niliyemwacha mama mzazi mbali kule magharibi.

Kwa ajili ya hao mbuzi, kila msimu aliniuliza habari ya dawa ya wadudu. Tulipiga lini mara ya mwisho? Nikimwambia, anahesabu kwa vidole, anawazuia wanyama wake mpaka siku zitimie. Maandishi ya kwenye chupa hakuyajua wala hakuyataka. Aliniuliza mimi, na nililomwambia lilimtosha.

Mume wangu alifanya kazi ya zamu kiwandani Athi River, na zamu ikimwachia anashika jembe. Alikuwa mpiga dawa hodari. Kila wiki pampu iko mgongoni, miguu mitupu, hana hata kitambaa mdomoni, kiwavi awepo asiwepo. Mpaka asubuhi moja akaanguka kati ya matuta, jasho linamtiririka, mate yanamchuruzika, ananiambia haoni vizuri. Alilazwa akapona, na aliporudi nyumbani alikuwa kama mtu aliyeokoka. Yeye mwenyewe ndiye aliyetangaza kwamba dawa basi. Afisa wa kilimo alishatufundisha kwamba si lazima kupiga kila wiki: unakagua kwanza, unatoa wadudu kwa mkono, unachanganya kabichi na vitunguu na dhania, unanyunyiza maji ya pilipili na mwarobaini, na dawa ya duka unaiweka kwa siku ile umeshindwa kabisa. Mume wangu akaapa kwamba hata hiyo siku ya kushindwa haitafika.

Haya. Aliyeapa ni yeye, aliyeinama ni mimi. Kila asubuhi watoto wakishaenda shule naingia matutani na kopo, nageuza jani moja moja, nachomoa viwavi. Vidole vikawa kijani hata Jumapili kanisani. Mgongo uliniuma, jameni, nikawa nainuka kama bibi kizee. Na msimu wa kwanza tulipata nini? Kabichi zenye matundu. Mabroka wa soko la Kitengela walizigeuzageuza wakacheka, mmoja akaniuliza kama nauza kabichi au nauza wavu. Nilirudi nyumbani nikalia. Mume wangu akaketi karibu nami, akashika vidole vyangu vya kijani, akaniambia nisikate tamaa, msimu ujao utakuwa mzuri.

Ukawa mzuri kweli. Viwavi walipungua, kopo likawa linatoka shambani karibu tupu. Kabichi zikafunga vichwa, ngumu, zinang'aa, hazina tundu. Ni tuta moja tu, lile la karibu na jiko, lililobaki limetobolewa, nami nikajilaumu kwamba nimelizembea. Hayo mengine yote nilijua ni kazi ya mkono wangu. Nilijisikia, haki ya Mungu, nikawa natembea shambani kama mtu mwenye digrii. Afisa akaleta akina mama kutoka Kajiado, na wengine wa Rongai wenye vibustani nyuma ya nyumba, nikawafundisha kugeuza jani na kutafuta mayai ya wadudu, nikawapikia chai. Mume wangu alikuwa nyumbani siku hiyo. Alisimama mbele yao akawaambia mimi ndiye daktari wa zile kabichi, nao wakanipigia makofi. Nilimpenda sana siku ile, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote nikikumbuka.

Siku ya kuvuna lori la broka lilijaa mapema. Yeyo akaja na fimbo yake, mifugo nyuma yake. Katikati yao lilikuwepo dume la kondoo, nene, mkia mzito wa mafuta. Yeyo alikuwa akilinenepesha kwa ajili ya binti yake aliyekaribia kujifungua, kwa maana kwao mzazi huchinjiwa kondoo, akanywa yale mafuta apate nguvu. Nikamsalimu takwenya, akaitikia iko. Kisha akauliza lile swali lake.

"Dawa?"

"Hakuna dawa, yeyo. Msimu mzima. Ingiza tu leo."

Akamtazama na mume wangu, ambaye alikuwa amesimama karibu nami mpaka bega lake linagusa langu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja. Angeweza hata kudanganya, aseme tungoje kidogo, kuna kabichi hatujamaliza kukata. Alitazama viatu vyake. Yeyo akasogeza miiba, wanyama wakaingia mbio.

Kabla ya adhuhuri mbuzi wa kwanza alianza kutetemeka. Wa pili akapiga magoti, povu linamtoka. Yeyo alipiga ukemi, majirani wakaja. Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za wakubwa, kwa hiyo jirani mmoja alipanda baiskeli kwenda mjini kumwita daktari wa mifugo, na kabla hajafika wengine walishalala hawainuki. Mimi nilikuwa chini kwenye udongo nimekumbatia kichwa cha lile dume. Daktari akaniuliza wamekula nini, nikasema kabichi. Akauliza imepigwa dawa gani, nikasema hakuna. Akarudia kwa ukali, akanieleza kwamba lazima ajue dawa ndipo ajue sindano. Nikamwapia kwa jina la Mungu kwamba shamba hili halijaonja dawa. Nikiwa bado naapa, nikasikia sauti ya mume wangu nyuma yangu ikitaja jina la dawa. Akataja na siku aliyoipiga. Ilikuwa juzi.

Sindano ziliokoa baadhi. Dume lilikufa mikononi mwangu. Daktari akakataza nyama kuliwa, ikabidi wafukie, na sijawahi kuona uso kama ule wa yeyo akitazama mafuta ya binti yake yakifunikwa na udongo.

Kumbe kila Alhamisi nilipokwenda mkutano wa akina mama kanisani ndiyo ilikuwa siku yake ya pampu. Lile tuta la karibu na jiko aliliruka kusudi, kwa sababu ndiko alikoniambia nikate mboga ya watoto. Alijua. Nilipomuuliza kwa nini, alisema, "Nilikuona ukilia. Sikutaka kukuvunja moyo."

Ati moyo wangu! Aliniacha niiname msimu mzima nikitafuta viwavi ambao alishawaua. Aliniacha nifundishe watu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nakitafuta kwenye kabichi. Nilimchukia, na sitasema nilimchukia kidogo.

Yeyo hakumuuliza mume wangu kitu. Alipomaliza kufukia alinijia mimi, akajipangusa mikono kwenye shuka.

"Wewe ndio uliniambia," akasema.

Ni mimi niliyemwambia.

Mume wangu alilipa mbuzi polepole, yeyo akapokea. Hakutufukuza. Binti yake alijifungua salama, ndugu zao wakaleta kondoo mwingine, wanawake wa jirani wakaenda kumwona mtoto wakiimba. Mimi sikuitwa.

Msimu uliofuata nililima peke yangu. Pampu niliitoboa kwa msumari, na mume wangu nikamwambia akipita lango la shamba tutaonana wabaya. Nikarudi kuinama. Kabichi zikatoka na matundu yake, mabroka wakacheka, nikawaacha wacheke. Siku ya kuvuna hapakuwa na mbuzi hata mmoja kwenye miiba. Yeyo alikuwa amewahamishia upande wa pili.

Nikachagua kabichi moja iliyotobolewa vizuri, kiwavi anatembea juu ya jani, nikaibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye boma lake. Nikamwambia tu, "Yeyo, ona. Yuko hai."

Aliinama akamtazama yule kiwavi. Akamsogezea jani kwa kidole apite. Kisha akanirudishia kabichi, bila ukali wowote.

"Ni nzuri, mama. Peleka kwa mbuzi zako."

Aliniita mama, kama anavyomwita mwanamke yeyote anayepita barabarani. Na alijua sina mbuzi.