Kasuku wa Ghorofa ya Mzee Kanji

Nilipokuwa mtoto nilifundishwa kutoitika kabla sijafundishwa kusoma, na kusoma kwenyewe sikufika mbali. Aliyenifundisha ni Bibi, mama wa mama yangu, mzaliwa wa Sikonge na mjane wa mrina asali. "Ukiitwa na usiyemwona, nyamaza," alikuwa akisema huku amenishika sikio ili neno liingie vizuri. "Mwenye haja na wewe atakuja umwone uso. Asiyekuja anataka sauti yako tu. Ukisema abee, kaondoka nayo." Alimjua mtu, alisema, aliyeitika hivyo porini kwenye mizinga, akarudi nyumbani bubu. Jina la mtu huyo lilibadilika kila aliposimulia. Ububu haukubadilika, na mimi niliuamini.

Shida ni kwamba sheria hiyo ya porini tulikuwa nayo ghorofani. Tulipanga vyumba viwili mjini Tabora, juu ya duka la vitambaa la Mzee Kanji, Mhindi aliyezaliwa hapo hapo mjini na kusema Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Korido moja ndefu, milango minne, bafu moja mwishoni. Ukipiga chafya chumba cha kwanza, chumba cha nne wanakuombea afya.

Humo ndimo Baba alipoleta kasuku. Alikuwa akifanya kazi kwenye treni ya Kigoma, na siku moja alishuka na tundu lililofunikwa gunia. Ndani yake mlikuwa na kasuku wa Kongo, wa kijivu, mkia mwekundu kama pilipili. Bibi alimzunguka mara mbili kama anayepima mbuzi wa mahari.

"Njia hii ilipitisha pembe," akasema, "ikapitisha watu wamefungwa minyororo shingoni. Leo inatuletea ndege mpayukaji. Maendeleo hayo."

Tulimwita Stesheni, kwa sababu neno lake la kwanza lilikuwa honi ya treni. Wiki ile ile Mama Salehe, mshonaji wa chumba cha tatu, alitaka kwenda Nzega kwa dada yake. Alisikia honi alfajiri, akadhani kaachwa na treni, akashuka ngazi na kapu kichwani na kiatu kimoja mguuni, hata hakujiuliza tangu lini treni ikaenda Nzega. Mtu ukishaamka na honi huna akili. Sisi tulicheka mpaka chai ikapoa. Yeye hakucheka.

Kisha Stesheni akajifunza majina. Hapo ndipo balaa lilipoanza. Bibi alikuwa na sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto, na ndege aliipenda. "Mama Saleheee!" Mama Salehe anatoka mbio, pini mdomoni, hakuna mtu. Anarudi, anakanyaga cherehani, anaitwa tena. Hata Mzee Kanji dukani aliitwa "Kanji! Kanji!" bila hiyo Mzee, mbele ya wateja.

Baada ya siku kadhaa Mama Salehe alipata kikohozi, sauti ikakauka. Mtu mwenye akili angesema ni vumbi la kiangazi. Lakini Bibi alikuwa ameshaeneza sheria yake korido nzima, na mwenzetu alihesabu mara alizoitika asiyemwona, akashindwa kumaliza. Akaenda kwa mwenye nyumba, akiongea kwa kunong'ona.

"Mayu wane, mama yangu wee, sauti yangu imekwenda, Mzee. Ndege yule ama mimi."

Mzee Kanji akapanda ngazi, akasimama mlangoni petu. "Bibi, mimi ndege sina ugomvi naye. Lakini Mama Salehe ni mpangaji wangu wa miaka. Ijumaa nisimkute."

"Hutamkuta," Bibi akajibu. "Nikikosa mteja sokoni, namchemsha."

Sikulia. Nyumbani kwetu kulia kulikuwa kunakuongezea kazi. Lakini Stesheni ndiye aliyekuwa rafiki yangu mle ndani. Ghorofa nzima haikuwa na mtoto mwingine, na yeye alikula karanga mkononi mwangu akisema jina langu, "Nyamizi, Nyamizi", taratibu, tofauti na anavyowaita wengine. Nikapata wazo. Bibi alipenda watoto wenye adabu. Nikimfundisha ndege kuitika badala ya kuita, huenda akaonewa huruma. Siku nne nilikaa naye chini ya kanga iliyofunika tundu, karanga moja kwa kila somo. "Sema: Abee, Bibi." Alikula karanga zote. Hakusema kitu. Alhamisi mchana nikakata tamaa, nikakaa koridoni kumenya viazi.

Siku ile Baba alikuwa safarini na treni, Mama alikuwa Goweko kumsaidia mjomba kufunga tumbaku, na mwalimu wa chumba cha nne alikuwa shuleni. Bibi aliondoka na ndoo yake kwenda kuoga. Mlango wa bafu ulikuwa na komeo kwa nje, la kuzuia paka. Upepo wa kiangazi ukaubamiza mlango, komeo likaanguka mahali pake. Hayo tuliyajua baadaye. Nilichosikia ni sauti tu.

"Nyamizi!"

Nikaendelea kumenya. Stesheni huyo.

"Nyamizi! Mama Salehe! Jamani, nifungulieni!"

Mlango wa Mama Salehe ukajifunga kwa ndani. Nikamsikia akisoma dua kwa ile sauti yake ya kukwaruza.

"Nyamiziii!"

Na hapo, chini ya kanga, sauti yangu mwenyewe, nyembamba na yenye adabu zote, ikajibu: "Abee, Bibi."

Kisu kikaniponyoka. Nilijishika koo. Furaha ilinijia kwanza, kwamba kajifunza, kisha hofu ikaifuata: kama Stesheni ndiye anayeitika, basi anayeita ni nani?

"Nyamizi, njoo!"

"Abee, Bibi."

"Abee, abee, halafu huji! Miguu yako ya ugali?"

"Abee, Bibi."

"Nikitoka humu, mkojoa kitanda we, nitakuchapa mpaka hiyo abee uisahau!"

Nimewaza sana juu ya dakika ile. Mchawi nilikuwa namwogopa, na Bibi pia, na sikujua yupi yuko upande wa pili wa korido. Lakini akili ya mtoto nayo inatembea. Anayetaka kukuibia sauti atakubembeleza, atakuita mwanangu, atakuahidi asali. Hawezi kukutukana kwa kukojoa kitandani. Matusi yale yalikuwa ya mtu wa nyumbani kabisa. Nikavuta pumzi, nikashika koo kwa mikono miwili isitoroke sauti, nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe:

"Abee, Bibi! Nakuja!"

Sauti ikabaki. Nikainua komeo.

Bibi alitoka na povu limemkaukia kichwani kama unga wa muhogo, kanga kifuani, mkono juu tayari kwa kofi. "Unaniitika mara nne, umekaa tu?"

"Si mimi, Bibi. Mimi nimeitika mara moja. Nyingine zote ni Stesheni."

Mkono ukashuka. Akalitazama tundu muda mrefu, kisha akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa tatu.

"Mama Salehe, ulinisikia?"

"Nilisikia, Bibi."

"Ukafanya nini?"

"Nikasoma dua."

"Ya kunitoa au ya kunizuia?"

Nyuma ya mlango kikatoka kicheko, na ndani ya kicheko kile sauti ya Mama Salehe ikarudi nzima. Tulimsikia sote. Bibi naye akacheka, akiwa na povu lake.

Ijumaa Mzee Kanji alipokuja, Bibi alimsubiri ngazini. "Jana mlikuwa na binadamu wawili humu wenye masikio mazima. Aliyeniitika mwanzo ni mwenye manyoya. Sasa Mzee, niambie nani ahame." Mama Salehe mwenyewe akasema ndege abaki. Bibi akatoa amri mpya pale pale: hakuna kuitana kupitia ukuta, ukimtaka mtu, inuka ukapige hodi. Tangu siku hiyo ghorofa ilitulia, akabaki mpiga kelele mmoja tu, na yeye tulimjua.

Sasa mimi ndiye bibi. Sheria ile sikuitupa. Porini naweza kuifuata hata leo. Lakini nimeona watu wazima wengi wakiitwa na mgonjwa, na jirani, na ndugu, wakanyamaza wakidai wanajilinda, kumbe wamechoka tu kusimama. Mimi naitika. Sauti nimepewa ya kutumia, na huyo anayeiwinda, akija siku moja kuichukua, ataikuta imeshachakaa.